Wanawake wa Kiwanda: shajara ya vipindi vya sauti kuhusu wafungwa wa Van Diemen's Land

Januari, mwishoni

Tumekubaliana. Mradi ni vipindi sita vya sauti kwa Kiswahili, kila kimoja kama dakika ishirini, kuhusu wanawake wa Uingereza na Ireland waliohukumiwa kwao kisha wakasafirishwa kwa meli hadi makoloni ya Australia. Tuko watatu: mimi naandika, rafiki yangu wa tangu chuo anarekodi na kuhariri, na mdogo wake wa kike, ambaye sauti yake inatushinda wote, ndiye msimulizi. Vifaa ni simu, kipaza sauti cha kubandika kwenye kola, na chumba kilichoegeshwa magodoro ukutani.

Hapa Tanga tumeshaulizwa wafungwa wa Kizungu wanatuhusu nini. Shuleni tulifundishwa koloni kuwa ni gavana, askari, mmisionari na mwenye shamba. Sasa nguo za gavana zilifuliwa na nani? Nani aliwasha jiko alfajiri, akamwaga vyungu vya usiku, akambembeleza mtoto wa mwenye shamba? Huku kwetu jibu tunalijua, kwa sababu ni bibi zetu na babu zetu. Kule Hobart na Sydney, miji ya makoloni hayo ya Australia, kwa miaka mingi, kazi hiyo ilifanywa na wanawake waliokuwa wanatumikia kifungo. Hapo ndipo ninapotaka vipindi vikae.

Mambo ya msingi, ili yasinisumbue tena mbele. Uingereza ilikuwa ikiwamwaga wafungwa wake Amerika, mpaka makoloni yale yalipojitangazia uhuru mwaka 1776. Meli 11 za kwanza kwenda upande wa pili wa dunia ziling'oa nanga Portsmouth Mei 1787 na kufika Sydney Januari 1788. Hadi mwaka 1868 walikuwa wamepelekwa watu zaidi ya 160,000, na kati yao wanawake kama 25,000. Karibu nusu ya wanawake hao waliishia Van Diemen's Land, kisiwa ambacho tangu 1856 kinaitwa Tasmania. New South Wales iliacha kupokea wafungwa 1840, Van Diemen's Land 1853. Makosa yao mengi yalikuwa wizi: shuka, kipande cha kitambaa, kijiko cha mwajiri. Adhabu ilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha.

Kwa mwanamke, miaka 7 mara nyingi ilikuwa maisha yale yale. Nauli ya kurudi hakupewa mtu. Mwanamume aliyemaliza kifungo aliweza kuomba ubaharia akarudi kwao huku anavuta kamba. Mwanamke hakuwa na mlango huo.

Februari

Kila tunayemweleza mradi huu anatuletea jina moja: Mary Reibey. Binti wa miaka 13 aliyekamatwa na farasi wa wizi mwaka 1790, akiwa amevaa kiume na kujiita James Burrow. Akafika Sydney 1792, akaolewa, akafiwa na mume 1811, akaendesha biashara ya meli, maghala na nyumba mpaka sura yake leo iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Hadithi tamu, sikatai. Ila ukimweka yeye mbele, msikilizaji anaondoka akidhani koloni lilikuwa ngazi na kila mwenye bidii alipanda. Tumempa dakika tano ndani ya kipindi cha mwisho, na mwenzangu amenuna kidogo kwa sababu alishatafuta muziki wa kumwingizia.

Sehemu kubwa ya mwezi imekwenda kwenye madaftari ya mwenendo. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, na kurasa za Tasmania zimepigwa picha, yeyote mwenye intaneti anazisoma bila malipo. Ni hazina. Pia ni mwandiko wa kukutoa machozi, wino uliovuja upande wa pili, na vifupisho vilivyobanwa kila kona.

Ukurasa mmoja uko hivi. Juu kabisa jina, meli, mahali alipohukumiwa, kifungo chake. Chini yake, ripoti ya tabia yake gerezani na melini. Halafu maneno yake mwenyewe kuhusu kosa lake, kwa kuwa walipofika bandarini walihojiwa na karani. Pengine ndiyo mara pekee sauti yake inaandikwa. Kutoka hapo chini ni mistari ya mashtaka: tarehe, jina la bwana au bibi anayemtumikia, kosa, adhabu, herufi za hakimu. Katika karatasi nyingine wameandikwa kwa mwili: urefu, rangi ya macho, kovu, alama ya ndui, chale za wino mkononi. Hiyo ilikuwa ya kumtafutia akitoroka.

Shida ya daftari ni kwamba mwanamke anaingia humo akimkera mtu tu. Aliyefua miaka saba bila neno, ukurasa wake ni mweupe. Mwenye mdomo, mwenye mapenzi, mwenye kupenda kinywaji, ana mistari mpaka pembeni. Na mwandishi wa kila mstari ni mlalamikaji. Basi tumejiwekea utaratibu: hakuna neno la daftari litakalosomwa hewani bila kutaja nani alilisema. Badala ya "alikuwa mjeuri", tunasoma "bwana wake alimshtaki kwa ujeuri".

Machi

Cascades. Nilipanga kipindi kimoja, vimekuwa viwili.

Kiwanda cha Wanawake cha Cascades, yaani gereza la wanawake lenye kazi za kulazimishwa, kilifunguliwa Hobart mwaka 1828, ndani ya majengo yaliyokuwa ya kutengenezea ramu. Ni bondeni, chini ya Mlima Wellington, kando ya kijito. Jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka. Ukuta ukazungushwa, na watu ambao kazi yao kubwa ni kufua wakawekwa mahali ambapo nguo hazikauki. Leo eneo lake limo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na maeneo mengine 10 ya wafungwa wa Australia, tangu 2010.

Walisokota sufu pale, wakashona, wakafua za hospitali na za watoto yatima. Ila kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba shughuli kuu ya Cascades ilikuwa kugawa watumishi wa ndani. Meli inafika, wanawake wanaorodheshwa, walowezi wanaandika maombi: anatakiwa mpishi, anatakiwa yaya, anatakiwa wa kazi zote. Anatolewa, anapelekwa, anatumikia chakula na mavazi bila mshahara wa kueleweka. Akishindwana na bibi mwenye nyumba, hakimu anamrudisha kiwandani kuadhibiwa. Akimaliza adhabu anatolewa tena kwa mwingine. Mwanamke mmoja aliweza kupita nyumba nyingi hivyo, akizunguka kama sarafu.

Ndani waligawanywa madaraja matatu. La kwanza ni wanaosubiri kuchukuliwa. La tatu liliitwa daraja la wahalifu, na sare yake ilikuwa na herufi C kubwa ya njano mgongoni mwa koti, nyingine kwenye mkono wa kulia, nyingine nyuma ya sketi. Wa daraja la kati walikuwa na C moja mkono wa kushoto. Tulibishana kama msikilizaji atazishika herufi hizo kwa masikio tu. Msimulizi akalimaliza: akasimama, akajigusa mgongo, mkono, nyonga, huku anataja. Tumerekodi vile vile, na kofi za mkono wake kwenye nguo zinasikika. Zimebaki.

Adhabu zenyewe: chumba cha peke yako kwa mkate na maji, beseni la kufulia kutwa kucha, kola ya chuma shingoni kwa baadhi, na kunyolewa. Kunyolewa ndiko kulikowatia uchungu na hasira kuliko vyote. Nadhani msikilizaji wa kike hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna mimba. Mtumishi akionekana ana mimba anarudishwa kiwandani. Baba angeweza kuwa bwana mwenyewe, au mtoto wa bwana, au mfungwa mwenzake wa zizini. Mstari wa shtaka una jina la mwanamke tu. Anajifungua, ananyonyesha kwa miezi, kisha mtoto anaachishwa ziwa mapema na mama anapelekwa daraja la wahalifu, kwa kawaida miezi sita, kulipia kosa la kuzaa. Mtoto anabaki chumba cha watoto. Akisalimika mpaka miaka miwili au mitatu, anahamishiwa Shule ya Yatima kule New Town, ingawa mama yake yuko hai ng'ambo ya mji. Wengi hawakusalimika. Msongamano, unyevu, kuharisha, kuachishwa kabla ya wakati. Magazeti ya Hobart yakapiga kelele, na mwaka 1838 chumba cha watoto kikahamishiwa nyumba moja Liverpool Street, mjini. Vifo havikuishia hapo.

Sehemu hii nimeiandika bila muziki wowote chini yake. Mwenzangu alitaka kinanda. Nimekataa, na nikiulizwa tena nitakataa.

Jambo moja alilolisisitiza msimulizi, na ana haki. Novemba 1828, mwaka ule ule kiwanda kilipofunguliwa, Gavana George Arthur alitangaza sheria ya kijeshi dhidi ya wenyeji wa kisiwa. Wenye ardhi walikuwa wanawindwa wakati wanawake hawa wanawafulia wawindaji. Mfungwa naye alikuwa mguu mmoja wa ulowezi, apende asipende, na akishapata uhuru wake aliolewa na kukaa palepale. Limeingia kipindi cha pili, mwanzoni kabisa, kabla msikilizaji hajaanza kuwaonea huruma.

Aprili

Tumemsomea muswada bibi jirani. Ana zaidi ya miaka themanini, na usichana wake ulipita akiwa yaya kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge, zama za Mwingereza. Msimulizi alimwamkia, akaketi mkekani, akasoma orodha ya mashtaka: kutoka bila ruhusa, ujeuri, kuvunja vyombo, kukataa kazi, kutoka bila ruhusa, kutoka bila ruhusa.

"Hebu simama hapo, mjukuu wangu," bibi akasema. "Huyo mtoro alikuwa anakwenda wapi?"

"Hawajaandika, bibi."

"Basi mtafute. Mtu hatoki usiku bila pa kwenda." Akanyamaza, akacheka peke yake. "Na hivyo vyombo, mimi navijua. Mimi nilivunja sahani zao za maua, moja asubuhi, moja jioni, mpaka yule mama akanifukuza. Ningeomba ruhusa ya kuondoka, nisingepewa."

Nilirudi kwenye madaftari na swali lake. Mara nyingine mstari unaofuata unajibu: amekutwa baa, amekutwa kwa mwanamume fulani, amekutwa na rafiki aliyekuja naye meli moja. Na hoja ya sahani imeshaandikwa na wanahistoria wa Tasmania kwa lugha yao: mtumishi mfungwa hakuweza kuacha kazi, lakini aliweza kumchosha mwajiri mpaka arudishwe kiwandani. Kiwandani kuna beseni na mkate mkavu, na kuna wenzake pia, na nafasi ya kutumwa nyumba nyingine yenye afadhali. Kwa hesabu hiyo, tusi lililotupwa jikoni mbele ya mgeni lilikuwa barua ya kuacha kazi. Sehemu nzima ya kipindi cha tatu imeandikwa upya kufuata fikra hii. Bibi amekubali sauti yake itumike, ila kwa sharti jina lake lisitajwe.

Kipindi cha kwanza, kile cha safari, kimekwisha kwa wepesi kuliko nilivyotarajia. Kinabebwa na meli Lady Juliana, iliyofika Sydney Juni 1790 na wanawake zaidi ya 200. Mmoja ni Mary Wade, mtoto wa mtaani London, aliyehukumiwa kunyongwa Januari 1789 kwa kumvua mtoto mwenzake gauni, kofia na kitambaa cha mabegani. Adhabu ikabadilishwa kuwa uhamisho. Akaishi mpaka 1859 na kuacha ukoo mkubwa ajabu. Kevin Rudd, waziri mkuu wa zamani wa Australia, ni mmoja wa kizazi chake.

Mwingine ni Sarah Whitlam. Humo melini baharia yeyote aliweza kujichukulia mwanamke wa safari. Msimamizi wa vyakula, John Nicol, alimchukua Sarah, wakapata mtoto wa kiume njiani. Nicol aliondoka Sydney akilia, na kwa miaka akapanda meli hii na ile akitafuta njia ya kumrudia. Wasikilizaji wetu wa majaribio walimwonea imani sana. Basi tukawasomea rejista ya ndoa: siku ya pili yake baada ya meli kung'oa nanga, Sarah alifunga ndoa na mfungwa mwenzake, John Coen Walsh. Chumba kikalipuka. Wanaume wakasema msaliti. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki akauliza, mwanamke mwenye mtoto mchanga katika kambi yenye njaa angemngoja baharia mpaka lini? Mjadala huo tuliurekodi kwa simu na utatumika kama ulivyo, pamoja na matusi mawili ambayo mhariri anayaziba.

Mei

Ghasia. Kipindi cha nne, na ndicho kinachonifurahisha kuandika.

Parramatta, karibu na Sydney, kilikuwepo kiwanda kingine, jengo la mawe lililochorwa na Francis Greenway, mfungwa mwenyewe, likaanza kutumika 1821. Walikuwa wanakuja wanaume wenye kibali kuchagua mke humo: wanawake wanapangwa mstari, bwana anapita, anaangalia, anasema neno na anayempenda. Mwanamke aliweza kukataa, na wako waliokataa.

Oktoba 1827 posho ya mkate na sukari ilipunguzwa. Tarehe 27 wanawake walivunja geti wakaingia mjini, wakavamia maduka ya mkate na nyama. Wanajeshi walitumwa na bunduki zenye singe. Kilichofuata, gazeti la Sydney lilikieleza kwa nusu kicheko: wanawake wakirudishwa na askari, aproni zimejaa mikate na mapande ya nyama, na wanasema wazi kwamba akifungiwa mmoja watafungiwa wote. Nimeiandika sehemu hii kwa sentensi fupi, zikimbie.

Katika kiwanda cha Launceston, mji mwingine wa Van Diemen's Land, mwaka 1842, Catherine Owens alifungiwa chumba cha peke yake. Wenzake wakamtoa kwa nguvu, wakajifungia naye wote bwenini na kuzuia mlango. Polisi walishindwa kuingia. Ilibidi waletwe wafungwa wa kiume na nyundo na mitaimbo. Cascades nako kulikuwa na kundi la wanawake waliojulikana kwa skafu za hariri, hereni na pete, vitu ambavyo vyote ni marufuku, wakiuza tumbaku na sukari chini kwa chini na kuimba walichokatazwa kuimba. Ipo pia hadithi maarufu kwamba wanawake 300 waligeuka na kumfunulia makalio gavana na mkewe ibadani. Iliandikwa na kasisi mmoja, na wanahistoria wanaitilia shaka. Tumeisimulia na shaka yake. Kicheko ni halali, ushahidi ni dhaifu.

Juni

Kipindi cha tano kwa haraka. Aprili 1841 meli Rajah iliondoka Woolwich na wanawake 180. Chama cha akina mama cha Elizabeth Fry, Mwingereza aliyewatetea wafungwa, kilikuwa kinampa kila msafiri mfuko: vipande vya vitambaa, sindano, nyuzi, Biblia. Julai walipofika Hobart walikuwa na mfarishi wa viraka 2,815, zaidi ya mita tatu kila upande, na maneno ya shukrani yameshonwa ukingoni. Matroni wa safari, Kezia Hayter, alishuka akiwa mchumba wa nahodha. Mfarishi ukarudishwa Uingereza, ukapotea machoni, ukaibukia Scotland miaka ya 1980, na sasa uko kwenye Jumba la Taifa la Sanaa la Australia. Fundi cherehani mmoja hapa mtaani alizitazama picha kwa muda mrefu akasema mishono ya katikati ni ya fundi, ya pembeni kuna wanaojifunza. Amekubali kurekodiwa akieleza tofauti kwa kiraka mkononi. Sina la kuongeza kwake.

Cha sita kinatuleta bahari yetu. Mahakama za makoloni mengine ya Mwingereza nazo zilipeleka watu Australia, na mwaka 1834 walifika Sydney kutoka Mauritius wasichana wawili, Elizabeth Verloppe na Constance Couronne. Walikuwa watumwa, na watoto. Walihukumiwa kwa kujaribu kumpa sumu mwanamke aliyewamiliki. Februari 1835 utumwa ulikomeshwa Mauritius kisheria, na wao walishakuwa ng'ambo, wafungwa.

Watumwa wa Mauritius walitolewa hasa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776, Amerika ilipokuwa inaufunga mlango wake kwa wafungwa wa Uingereza, Mfaransa Morice alikuwa Kilwa akiwekeana mkataba na sultani wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka. Sitadai kuwa bibi za Elizabeth na Constance walipakiwa Kilwa. Kudai hivyo ni uongo wa kupendeza. Nitakachoweka ni njia zenyewe, moja ikitoka Kilwa kwenda Mauritius, nyingine ikitoka Mauritius kwenda Sydney, na watoto wawili waliokutwa pale njia zinapoungana.

Mwenzangu anataka kipindi hiki kiwe cha kwanza, ili mtu wa pwani asizime redio. Msimulizi anakitaka cha mwisho, hivyo Mary Reibey na noti yake wasogee nyuma au watoke kabisa. Mimi naelekea upande wa msimulizi, na kumtoa Reibey.

Hali ilivyo: kipindi cha kwanza, cha pili na cha nne vimehaririwa. Cha tatu kinasubiri sauti ya bibi, ambaye ameenda Pangani kwenye arusi na hajasema atarudi lini. Cha tano kimerekodiwa nusu. Cha sita bado ni karatasi, na kitarekodiwa mvua zikipungua, maana bati la chumba chetu na kipaza sauti havielewani.